Fundo la Alhamisi Afunge Neema

Chiola, Nachingwea
Jumamosi asubuhi

Mwanangu mpenzi Somoe,

Asalaam aleikum, mwanangu. Nakusalimu kwa furaha ambayo hata kalamu inaniteleza mkononi. Sisi huku wazima. Kila mtu aliyejua nakaa kuandika amenishika kanga akisema usinisahau, kwa hiyo nivumilie niwapitie wote, ndipo nifike kwenye langu.

Baba yako anakusalimu sana. Mgongo wake umepoa, ila tangu asikie unakuja haketi. Juzi amechanganya chokaa akapaka ukuta wa mbele wote. Nikamwuliza, "Kwani ndege itatua hapa uani?" Akasema, "Mama Somoe, yeye anatuona kutoka juu. Akiona nyumba chafu ataenda kwa jirani." Bibi yako alikuwa kwenye mkeka, akainua kichwa: "Kama anaona kutoka juu, ukuta atauonaje? Si upake paa." Baba yako amenuna mpaka leo, lakini jana nimemkuta anaangalia paa.

Bibi yako anakusalimu, anasema mke mwenzie usichelewe, meno yamebaki matatu na anataka uyakute. Amekutengea jogoo mwekundu. Anauliza je, jogoo akipanda ndege atawika huko juu au atanyamaza kwa woga? Na ndege ikipitiliza inarudi kinyumenyume, au mpaka izunguke? Nimemwambia sijui, mwulize mwenyewe Alhamisi.

Mdogo wako Saidi anasema shikamoo dada. Yuko kidato cha pili. Alipowaambia wenzake kuwa dada yake ni rubani walimcheka wiki nzima, wakamwita Ndege Karatasi. Sasa amewaambia waje Alhamisi uwanjani waone wenyewe, na naona nusu ya shule itakuja.

Mjomba wako wa Chinongwe alikuja jana na baiskeli, jasho linamtiririka, habari alishaipata huko huko Ruangwa. Amesema kwa kuwa utapita juu yao, atatandika shuka jeupe juu ya jabali wanapoanika muhogo. "Mwambie akiona jeupe moja, ndiyo mimi. Akiona meupe mengi, ndio majirani wameniiga."

Na jirani yetu Mama Anastazia anakusalimu, na utani wake anao vile vile. Alisimama mlangoni mikono kiunoni: "Nyie Wamwera jana tu mlikuwa mnakimbia baiskeli mkidhani mnyama, leo nani kawapa ndege?" Nikamjibu, "Na nyie Wamakonde njooni, mtatusaidia kubeba mizigo." Kacheka mpaka kakaa chini. Ndiye anayetushonea sare ya kitenge, ya njano yenye duara nyeusi, ili ukitutazama kutoka juu usitukose.

Sasa nimewamaliza wote, nije kwangu.

Somoe, ile simu yako ya Jumanne! Mzee Mbwana wa dukani aliniita kwa sauti mpaka kuku wakakimbia. Unajua simu yake haishiki dukani, mpaka upande kile kichuguu cha nyuma. Nilipanda, bibi yako ananishika kanga nisianguke. Nikasikia sauti yako, ukasema, "Mama, Alhamisi ya wiki ijayo naja Nachingwea. Naleta madaktari wa macho." Nami nikasema alhamdulillahi, basi gani nije kukupokea? Ukacheka. "Mama! Naja na ndege. Mimi ndiye ninayeirusha."

Mwanangu, nilipiga kigelegele juu ya kichuguu. Sijui kama kilikuumiza sikio. Bibi yako hakuelewa jambo lenyewe ila naye akaitikia, na wanawake waliokuwa kisimani wakaitikia bila kujua wanaitikia nini. Mzee Mbwana akawa anasema, "Jamani simu yangu, jamani simu yangu."

Nikakumbuka siku nilipokupeleka hospitali ya mjini na lile jipu la shingoni. Ulikuwa hujaanza shule. Tulipofika karibu na uwanja wa ndege tukakuta mbuzi wanakula majani mle ndani, halafu watu wakaanza kuwaswaga haraka haraka, na ndege ndogo nyeupe ikateremka. Hukulia tena na jipu lako. Ukanivuta mkono. "Mama, anayeishika ni nani?" Nikakujibu, "Hakuna anayeishika, inajishika yenyewe." Uliniangalia kama mtu aliyeuziwa chumvi yenye mchanga. Hukubisha, lakini niliona hukuniamini. Tuliporudi kutoka hospitali ukataka tupite njia ile ile. Ndege ilikuwa imelala pale, mzungu mmoja mnene anashuka, na wewe ukanifinya kiganja: "Si huyo hapo anayeishika?"

Basi nimekuwa nikicheka peke yangu tangu Jumanne. Nachambua korosho nacheka, nachota maji nacheka. Yule aliyeuliza nani anaishika, leo anaishika yeye. Tulipokutoa Kilimarondo, kabla hatujahamia huku Chiola, kwenda kwa mama yako mdogo Dar es Salaam ukasome, nililia nikidhani nimekupoteza. Ulipopata ule ufadhili wa kwenda Uganda kusomea urubani, baba yako aliuliza mara tatu kama ni urubani au ni ualimu tumesikia vibaya. Na sasa unatua saa nne asubuhi, pale pale kwenye mbuzi. Sina la kumwomba Mungu kwa upande huo.

Lakini kuna jambo, Somoe. Tumecheka wote kwenye simu ile, nami nilicheka kwa nguvu kuliko wewe. Siku ya tatu ndipo likanirudia, nikiwa na ungo mkononi, nikauweka chini.

Ulisema mnafanya kazi siku sita mfululizo. Ulisema unaanza leo Jumamosi, na Alhamisi ya kuja kwetu ndiyo siku ya sita. Unaamka saa tisa alfajiri, ukirudi mchana ulale huwezi, maana jirani anajenga na nyundo hazinyamazi. Nikakuuliza, huchoki mwanangu? Ukasema, "Aa wapi, mama, niko fiti. Nimeshazoea." Halafu ukanisimulia kichekesho. Kwamba wiki iliyopita, siku ya sita hiyo hiyo, unarudi Dar na abiria, mtu wa mnarani anayewaongoza kwa redio alikuita mara tatu na wewe hukumsikia. Ni yule mwenzako mdogo, Neema, uliyekaa naye mbele, ndiye aliyekugusa bega. "Dada Somoe, tunaitwa." Ukasema hukuwa umelala. Macho yako yalikuwa wazi unaangalia mbele. Ila hukuwepo.

Nikakuuliza, sasa ulikuwa umechoka? Ukasema, "Wala! Mama, mimi najijua." Ukaniambia kila asubuhi mnajaza karatasi ya kusema kama uko sawa, na wewe unajaza mwenyewe uko sawa, na saa zenu zinahesabiwa kisheria na hujavuka hata moja.

Mimi najijua.

Neno hilo nalifahamu, mwanangu. Niliwahi kulisema mimi, na aliyeambiwa ni wewe. Hatujawahi kulizungumza. Nimekaa nalo miaka yote hii, na leo naliandika kwa sababu Alhamisi iko karibu.

Unakumbuka ule mwaka mvua iliposimama tukiwa Kilimarondo? Ulikuwa na miaka tisa. Baba yako alikuwa Ruangwa kwa mjomba wako, kwenye mikorosho, na bibi yako naye alikuwa huko Chinongwe anamwuguza mke wa mjomba. Nilibaki mimi, wewe, na Saidi mgongoni. Mahindi yaliyokuwa yamebaki yalikuwa machache na nyani ni wengi, kwa hiyo kutwa nzima nilikuwa shambani nagonga debe. Saidi alikuwa na homa, hanipi kulala. Na chakula kilichokuwepo ni ndiga.

Watoto wa siku hizi hawaijui ndiga, wanaiona kama hadithi, lakini wewe unaijua. Mzizi wa porini, ukiula hivi hivi unakulewesha na unaweza kukuua. Unaumenya, unaukata vipande vyembamba, unavitia kwenye kikapu, unakizamisha kijitoni na jiwe juu, maji yanapita yanaondoa ule ubaya. Siku tatu kamili. Na kila asubuhi unaenda kuisuuza, ukishasuuza unafunga fundo moja kwenye ugwe, ile kamba ya kikapu. Mafundo matatu, unaitoa, inapikwa. Ndivyo tulivyofundishwa wote, maana mtu mwenye njaa hesabu zake huwa zinakimbia.

Nilifunga fundo la kwanza asubuhi. Kesho yake asubuhi nikafunga la pili, na wewe ulikuwepo, ulinishikia Saidi. Nikaenda kwenye nyani. Sikumbuki nilikaa saa ngapi, nakumbuka jua na debe tu. Jua lilipoanza kuteremka nikapita kijitoni kunawa uso. Maji yale yalikuwa ya baridi, Somoe. Nilinawa, nikajimwagia shingoni, nikajiona mpya kabisa. Ningeambiwa nikalime ekari ningelima. Na kwa upya ule ule nikaona kikapu, nikadhani asubuhi nyingine imefika, nikafunga fundo la tatu.

Ulikuwa umesimama juu ya ukingo. Ukasema taratibu, "Mama, fundo la leo si umeshafunga?"

Nikakujibu kwa ukali. "Mimi najijua, najua ninachofanya. Wewe ndiye mwenye usingizi, kanawe uso."

Na wewe ukanawa uso. Ndilo linaloniuma mpaka leo. Hukubishana, uliinama ukanawa uso kwa sababu mama yako amesema wewe ndiye mwenye usingizi.

Ndiga ilitoka kijitoni jioni ile, ikakaa kwenye ungo, na asubuhi nikaipika. Saidi alikuwa wa kunyonya, yeye alipona. Mimi nilikupa wewe kwanza, maana ulikuwa umekonda. Ulipokula nusu ukasema ulimi unawasha. Nikasema maliza. Baadaye kidogo ukasema nyumba inazunguka, halafu ukaanza kutapika, halafu miguu ikakataa. Ulikuwa unaniangalia na hunioni. Nilikuita jina lako nikaona macho yako wazi na wewe hupo mle ndani.

Sasa umeelewa kwa nini nilicheka kwenye simu halafu siku ya tatu nikaweka ungo chini?

Mungu ndiye aliyemleta Mama Anastazia njiani. Wakati ule hata hatujazoeana, alikuwa mgeni tu kutoka upande wa Msumbiji, anapita na kuni. Akatupa kuni, akakubeba mgongoni, mimi na Saidi nyuma, tukakimbia mpaka zahanati. Utani wake anaonifanyia kila siku namwacha afanye anavyotaka. Mtu aliyembeba mwanangu ana haki ya kunitania mpaka nife.

Bibi yako alipopata habari alirudi kutoka Chinongwe kwa miguu. Nilijiandaa kugombezwa. Hakunigombeza. Alichukua kile kikapu, akakaa nacho mapajani, akaangalia yale mafundo matatu, moja moja, kama anasoma. Nikaanza kujieleza, mama, wallahi sikuwa najisikia nimechoka, ningejua nimechoka nisingeenda. Akasema:

"Nakuamini. Ndiyo maana sikuulizi."

"Huniulizi nini?"

"Kama ulikuwa umechoka. Ungeniambia hujachoka, na ungekuwa unasema kweli yako. Mimi ningekutazama tu. Siku hiyo kanga ulikuwa umeivaa vipi?"

Nikaitazama kanga yangu. Maana kule zahanati mganga alikuwa ameniambia, mama, kanga yako umeivaa ndani nje. Na nilikuwa nimeivaa hivyo tangu juzi yake. Watu wote walionipita njiani waliona. Mimi ndiye niliyekuwa ndani yake na sikuona.

Tangu siku ile bibi yako akatoa amri nyumbani kwetu, na unaikumbuka, maana umeifanya wewe mwenyewe mpaka ulipoondoka: fundo anafunga aliyelala. Aliyesuuza hafungi. Anaitwa mwingine, aliyepumzika, anaangalia kikapu, anamwangalia na aliyesuuza, halafu ndiye anafunga. Akikataa kufunga hakuna kuulizana sana. Inakaa siku moja zaidi majini. Hakuna aliyewahi kufa kwa ndiga kukaa siku nne. Mara ngapi wewe, mtoto wa miaka kumi, ulinikatalia kufunga! Uliweka mikono nyuma: "Leo sifungi, mama, umeweka chumvi kwenye chai." Nami nikaenda kulala.

Kwa hiyo nakuuliza, Somoe wangu, kwenye ile karatasi yenu ya asubuhi, anayekufungia fundo ni nani?

Usinikasirikie. Najua sheria zenu zimetungwa na watu waliosoma, mimi nimefika la nne na kisomo cha watu wazima. Hizo saa mnazohesabiwa ni nzuri, na sisi tulikuwa na mafundo yetu, nayo yalikuwa mazuri. Lakini fundo halijui kama aliyelifunga ana mtoto mwenye homa, na hizo saa zenu hazijui kuhusu nyundo za jirani. Na unaposema umezoea, hapo ndipo ninapoogopa. Mimi nami nilikuwa nimezoea. Siku ya kwanza bila usingizi nilijiona nimechoka, nikaogopa, nikawa mwangalifu. Siku ya nne sikujiona kitu. Nilidhani nguvu zimerudi, kumbe kilichokuwa kinaniambia umechoka ndicho chenyewe kilichochoka kikanyamaza.

Na ile kahawa unayosema unakunywa ukifika uwanjani, inakuamsha vizuri sana, sawa. Maji ya kijito nayo yaliniamsha vizuri sana.

Nije kwa Neema. Sijamwona binti huyo, lakini tangu Jumanne namwombea kwa jina. Ulisema ni mdogo wako kikazi, ndio kwanza ameanza, na anakuheshimu mno mpaka anaogopa kukwambia kitu. Lakini mkono wake aliuinua akakugusa bega. Wewe unajua inavyokuwa kusimama ukingoni na kuona, na aliye mbele yako ni mkubwa wako. Basi siku atakaposema, "Dada Somoe, leo sikuoni vizuri," usimjibu kama mimi nilivyokujibu. Usimtume akanawe uso.

Na hapa ndipo nikuombe msamaha, maana sijawahi. Nilikuuguza, nilikupikia uji, niliuza kitenge changu cha harusi nikununulie viatu vya shule, yote hayo nilikuwa nazunguka neno hili moja na sikulisema. Ulikuwa sahihi, mwanangu. Fundo la siku ile nilikuwa nimeshafunga. Wewe hukuwa na usingizi. Mwenye usingizi alikuwa mimi. Nisamehe.

Haya, nimelisema, na nyumba haijaanguka. Bibi yako ameniona nafuta macho akasema, "Unaandika barua au unamenya vitunguu?"

Sasa sikiliza ninachotaka ufanye. Ndani ya bahasha hii nimeweka kipande cha ugwe. Ni gome la myombo, amelisokota bibi yako mwenyewe jana na vidole vyake vile vilivyopinda, kwa hiyo usiutupe ukidhani ni uchafu. Hauna fundo. Alhamisi alfajiri, kabla hujajaza karatasi yako, mpe Neema. Usimwambie niko fiti. Usimwambie chochote. Mwambie tu, "Nitazame, mama yangu kasema." Akuulize anachotaka, akuangalie ulivyovaa, akuangalie mikono, akusikilize unavyojibu. Akiridhika, afunge fundo moja, uje nao. Wewe usiuguse mpaka ufungwe. Na akikataa kufunga, usimwombe, usimbembeleze, usimwambie watu wangu wamesimama uwanjani na kitenge cha njano. Wape taarifa wakubwa wako, arushe mwingine aliyelala, au madaktari waje Ijumaa. Na wewe nawe siku nyingine umfungie Neema, maana naye ana jirani zake.

Najua utawaza juu yetu. Utasema mama amekwishaalika watu, mjomba ametandika shuka, Saidi atachekwa, jogoo ameshachinjwa. Ndiyo maana nakwambia mapema. Hapa nimeshamwita kila mmoja nimemwambia. Saidi alisikitika kidogo, halafu akasema, "Basi nitawaambia ndege haikuja kwa sababu dada anajua kazi." Baba yako akasema chokaa haiozi. Jogoo bibi yako amesema hachinjwi mpaka miguu yako iguse chini, kwa hiyo jogoo ndiye anayeomba kwa nguvu zote ucheleweshwe. Na Mama Anastazia nilipomweleza hakutania. Alishika mdomo, akaniangalia, tukajua wote wawili tunaona njia ile ya zahanati. Halafu akasema, "Mwambie binti, mimi sasa ni mzee, kumbeba mgongoni tena siwezi. Aje akiwa mzima."

Na ukija, Somoe! Ukija na fundo lako! Sijui nitafanya nini. Mzee Mbwana anafunga duka. Tutatoka hapa Chiola asubuhi na lile gari la mnada, wanawake wote na sare. Nimeambiwa tusimame nje ya uzio, nasi tutasimama, ila kwa bibi yako sikuahidi. Nitakapoona kitu cheupe kinatokea upande wa Ruangwa, sitauliza tena nani anaishika. Nitapiga kelele, "Si huyo hapo!" mpaka mbuzi wakimbie wenyewe.

Barua hii nampa kondakta wa basi la kesho, ameniapia utaipata Jumatatu, au Jumanne barabara ikiwa mbaya. Ukiisoma tu, usingoje, piga kwa Mzee Mbwana uniambie ugwe umeupata. Na Alhamisi kukicha nitakuwa juu ya kichuguu tangu mapema, kabla hatujapanda gari. Piga tena. Usiongee mengi, salio lisikuishie. Sema neno moja tu, kafunga, au hajafunga. Kwa lolote kati ya hayo mawili nitapiga kigelegele, na wanawake wa kisimani wataitikia.

Nijibu haraka, mwanangu. Lala mapema leo.

Ni mimi mama yako mzazi,
Mama Somoe